Fundo la Kinyozi wa Mirongo

Nilimkata kinyozi nywele akiwa amelala. Ngoja nilieleze jambo hili taratibu, maana ukiliharakisha linageuka kichekesho, na mimi kwa miezi mingi nimeliharakisha makusudi. Mtu mzima, wa umri wa kuitwa baba mkubwa, alikuwa amesinzia kwenye kiti chake cha kazi Jumamosi mchana, umeme umekatika. Nikachukua mkasi wake mwenyewe mezani, nikalikata fundo la nywele alilokuwa amelifunga utosini. Nywele zilizobanwa pamoja zinakatika kwa sauti ya mtu anayekata kabichi. Nikadondosha mkasi, nikatoka mbio na fundo mkononi mpaka kwa waendesha bodaboda wa kona yetu pale Mirongo, Mwanza. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini, wakaniapia hawatanitaja. Wakalifunga kwenye kioo cha pikipiki kama pambo, pikipiki ikapata abiria, ikaondoka nalo. Mpaka leo sijui liliishia wapi.

Jina la mtu huyo silitaji, na sidhani kama litakusaidia. Mtaa mzima ulimwita Kinyozi. Kulikuwa na vinyozi wengine watatu kati ya mto na barabara kubwa, lakini hao waliitwa kwa majina yao. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na nywele za kufunga, na watu wa kwetu wakiona kinyozi mwenye nywele ndefu hawana haja ya jina tena.

Fundo lenyewe lilikuwa kubwa kama ngumi ya mpasua mawe wa kilima cha Bugando. Hazikuwa rasta. Zilikuwa nywele za kawaida, zimechanwa kwa kitana cha mbao, zimevutwa juu zote, zikafungwa kwa mpira uliochanwa kutoka tyubu ya baiskeli. Alilifunga kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha, ncha moja ya mpira ameing'ata, nyingine anaizungusha, macho ameyakodolea kioo kama mtu anayevuka barabara. Alizipaka samli. Ukikaa kwenye kiti chake saa sita mchana hujala, harufu ile ilikutesa. Nilishawahi kumwambia, "Kinyozi, leo kichwa chako kimenishibisha nusu." Akajibu, "Nusu nyingine kaombe kwa mama yako."

Mama yangu ni fundi cherehani. Kibaraza chake na duka la Kinyozi vilitenganishwa na bati moja tu, kwa hiyo mimi nikitoka shule nilikuwa nashinda katikati, sikio moja kwa mama, jingine kwa Kinyozi.

Vijana wa bodaboda walimtania kwa zamu. Mmoja akipita anasimama kabisa, anainama: "Shikamoo shangazi." Kinyozi hakasiriki. "Marahaba mwanangu. Mwambie mjomba wako arudi nyumbani, ugali unapoa." Siku nyingine walimuuliza kama anapata nafasi ya kusuka saluni, au aombewe punguzo. Akasema yeye anasukwa na upepo wa ziwa, bure. Wamama wa maombi walikuja mara mbili kumwekea mikono. Aliwapa viti, akainamisha kichwa kwa heshima, walipomaliza akawashukuru, akafunga fundo upya maana walikuwa wamelilegeza.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake kunyolewa. Alipofika mlangoni akaona fundo, akamvuta mtoto nyuma. "Kinyozi hajinyoi, najua," akasema, "lakini wewe umezidi." Kinyozi akamjibu, "Ndiyo maana nasubiri wa kuninyoa, bibi." Tukacheka wote tuliokuwepo, hata bibi. Tulidhani ni jibu la mjini.

Kazi yake aliijua. Kabla hajawasha mashine alikishika kichwa chako kwa mikono miwili, akakizungusha kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, halafu anakitolea hukumu. Mwalimu wa hesabu alimwambia ana kichwa cha sangara, kizito mbele. Mimi alisema kichwa changu kina kona nne, kama nyumba ya serikali, na tangu hapo akaniita Bwana Kona. Alisema mtu anaweza kukudanganya uso kwa uso, lakini kisogo hakijafundishwa kudanganya. Alisema pia kwamba nywele haina haraka, mwenye haraka ni mwenye nayo.

Alikuwa na mambo yasiyokubaliana. Hakupenda mpira, alisema ni watu wazima kugombania kitu kimoja wakati maduka yamejaa, lakini matokeo yote aliyajua, mpaka ya timu za kata. Aliwaogopa wale korongo wakubwa wanaosimama juu ya mabati yetu kama wazee wa kesi, lakini kila jioni aliwatupia matumbo ya samaki, akirudi ndani mbio kabla hawajashuka. Na kubwa kuliko yote: yeye mwenye fundo alikuwa mkali wa nywele za wanafunzi kuliko mwalimu wetu wa nidhamu. Mwanafunzi akiingia na kusema "niachie kidogo juu," anafyekwa mpaka ngozi. "Mwanafunzi nywele ya nini? Nywele ni jambo la mtu mwenye shauri lake."

Mimi nilitaka fundo. Sikumwambia mtu, lakini nilitaka, kama wengine wanavyotaka pikipiki. Nikamuuliza siku moja, kama utani, inachukua muda gani nywele za mwanamume zifungike.

"Mwaka wa kwanza zinasimama," akasema. "Wa pili zinaanguka, unaonekana mgonjwa. Wa tatu zinakutii. Lakini usifuge bila sababu, Bwana Kona, zitakushinda."

"Wewe sababu yako nini?"

"Namsubiri mtu."

Nilikwenda kuwaambia wenzangu wa kidato cha tatu kwamba Kinyozi ana mchumba amemkimbia, ameapa. Baada ya wiki mbili habari ilirudi kwangu ikiwa na mchumba mwenye jina, mwenye duka la vitenge, na mimba. Nilifurahi sana na uandishi wangu.

Jambo moja nilipaswa kulielewa mapema, maana nililiona kwa macho. Bibi yangu mzaa mama alipofariki, Kinyozi alikuja nyumbani kutunyoa siku ya kumaliza matanga. Alikuja na wembe mpya na beseni, hakuja na mashine, alisema mashine ni ya sherehe. Akauliza, "Mkubwa wenu nani?" Mkubwa alikuwa mjomba, na mjomba alikuwa amelewa, amelala kwenye chumba cha nyuma. Shangazi mmoja akasema basi aanze na mama. Kinyozi akaweka wembe chini. "Kichwa cha mkubwa kikirukwa, wote walio chini yake wamenyolewa bure." Tukakaa uani karibu saa nzima mjomba anamwagiwa maji. Alipokaa sawa, Kinyozi akamnyoa yeye kwanza, kisha akampa wembe, mjomba akapitisha mkato mmoja mmoja kwenye vichwa vya wadogo zake, Kinyozi akimshika mkono usitetemeke. Baada ya hapo ndipo akamalizia wengine. Mama alilia wakati ule wa mkato wa kaka yake, siyo kabla. Mimi nilikuwa nahesabu makovu ya kichwa cha mjomba.

Sasa Jumamosi yenyewe. Nilikuwa nimekwepa kunyoa kwa wiki tano, nalainisha na kubana kwa kofia, na Ijumaa mwalimu wa nidhamu akanikamata mstarini. Akapitisha mkasi katikati ya kichwa, barabara moja kutoka paji la uso mpaka kisogoni, akaniacha nitembee nayo siku nzima. Jumamosi asubuhi nikaenda kwa Kinyozi anifyeke. Alipoiona ile barabara alicheka. Alicheka kwa haki kabisa, akawaita na bodaboda waje waone: "Njooni, wamejenga barabara ya lami, inatoka Igoma mpaka Nyegezi." Mimi niliyezoea kuwachekesha watu kwa vichwa vya wenzangu sikuona ladha. Akanimaliza upara, akanipaka poda, umeme ukakatika, wateja wakatawanyika, yeye akasinzia. Nikarudi. Mengine nimeshayasema.

Nilitegemea matusi. Nilipotoka kwa bodaboda nilijificha nyuma ya choo cha jirani nikiwa nimeziba mdomo, nikisubiri sauti yake ijae mtaani, nipate cha kusimulia Jumatatu. Hakupiga kelele. Nilipochungulia alikuwa amesimama mbele ya kioo, mkono mmoja utosini, nywele zilizobaki zimesimama pande zote kama nyasi baada ya ng'ombe kupita. Halafu akafunga dirisha, akafunga mlango, akaondoka.

Jioni mama akaniuliza kama nimeona kilichompata jirani. Nikasema sijaona. Akamaliza mshono aliokuwa nao, kisha akaniambia habari ambayo mimi, mwandishi wa wachumba na mimba, sikuwa naijua.

Kinyozi alikuwa na kaka yake Sengerema. Baba yao alipokufa, Kinyozi alikuwa hapa mjini mkesha wa sikukuu, foleni ya wateja imefika barabarani. Akasema atakwenda kesho. Kesho kukawa na wateja tena, kesho kutwa foleni ya kivuko. Alipofika, matanga yalikuwa yamekwisha, vichwa vyote vimenyolewa, wanafagia uwanja. Kaka yake akamwambia mbele ya ukoo: "Unanyoa watu wote wa Mwanza, kwa baba yako umekosa nafasi. Usijinyoe, usinyolewe. Kaa nazo mpaka nitakapokuja mwenyewe na wembe." Hakuja mwaka huo, wala uliofuata. Miaka tisa. Kinyozi alituma salamu, alituma wazee, hakuvuka mwenyewe kwa sababu hakuitwa. Tangu daraja la Busisi la kwenda Sengerema lianze kupitika alikuwa akimwambia mama kila juma, "Sasa kaka hana kisingizio cha kivuko." Na kweli, kaka alikuwa ametuma neno: atakuja Jumapili ijayo.

"Na sasa amechoka kungoja, kazikata mwenyewe," mama akasema. "Wiki moja tu. Mtu anaweza kuchoka hivyo?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Palikuwa pakubwa, hata lori lingepita. Nilisema, "Labda alikuwa anasikia joto."

Nilikuwa na siku nane. Jumapili nilijiambia nitasema Jumatatu. Jumatatu Kinyozi hakufungua. Jumanne alifungua akiwa na kofia ya kufuma, akafanya kazi bila kumpa mtu hukumu ya kichwa chake, na mimi nikaona kwamba akinyamaza hivi basi labda jambo lenyewe linapoa. Jumatano nilimpita, "Shikamoo," akaitikia. Ijumaa nilikuwa tayari nimejishawishi kwamba ni nywele tu, na kaka mtu mzima hawezi kuvunja undugu kwa nywele. Sikufikiria kwamba undugu wenyewe ulikuwa umewekwa kwenye nywele hizo, kwa kuwa kaka ndiye aliyemwambia Kinyozi auweke hapo.

Jumapili kaka alikuja. Mzee mrefu, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingo, viatu vimepigwa rangi, leso mkononi yenye kitu kimekunjwa ndani. Kinyozi alikuwa amefagia kibaraza mara mbili, ametoa kiti nje, ameweka soda juu ya stuli. Mimi nilikuwa kwa mama, nimeinamia cherehani nikichomoa nyuzi kwenye nguo ambayo haikuwa na kosa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Vua kofia."

Kinyozi akavua. Kaka akazunguka kiti polepole, mzunguko mmoja.

"Nani kaanza kukunyoa?"

"Nilikuwa nimelala, kaka. Niliamka nikakuta hivi."

"Kinyozi kanyolewa usingizini."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Dukani kwako, kwa mkasi wako."

"Ndiyo."

"Nilikuambia unisubiri. Umesubiri miaka tisa, imebaki wiki, umeona niletewe mabaki."

"Nimesubiri yote, kaka. Si mimi."

"Basi mtaje."

Kinyozi aligeuza uso upande wetu. Macho yake yalikuja mpaka kwenye cherehani, yakakaa kwangu, hayakuondoka haraka. Mama alidhani anatafuta shahidi wa tabia yake, akaanza kusema, "Baba, huyu jirani yetu ni mtu wa…" Kaka akamnyooshea kiganja kwa adabu, anyamaze. Nilikuwa na mdomo. Ni mdomo huu huu uliowapa watu mchumba wa vitenge. Niliuinamisha kwenye nyuzi.

"Simjui," Kinyozi akasema.

Kaka akaikunja leso upya, kona kwa kona. "Mimi sikuvuka maji kuja kuchezewa na mdogo wangu mbele za watu." Akaondoka kwa miguu kuelekea barabara kubwa. Kinyozi alimfuata hatua chache, akasimama. Soda haikufunguliwa.

Hakukaa sana Mirongo baada ya hapo. Niliambiwa na mtu kwamba amehamia Nyegezi, karibu na stendi, ananyoa wasafiri. Duka lake likachukuliwa na kijana anayeuza makava ya simu. Kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuniuliza, nililigeuza tukio kuwa hadithi. Nililisimulia shuleni kwa jirani zangu wa dawati, nikaigiza sauti ya mkasi, nikaigiza kaka akizunguka kiti. Walicheka. Nilipokuwa naigiza "simjui" nilikuwa naharakisha.

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi stendi ya Nyegezi. Basi lake lilipotoka nikapita nyuma ya vibanda vya chakula, nikamwona. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kile kile, mlangoni, na kichwa chake kilikuwa upara mtupu, kinang'aa. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuona upara. Nilikwenda karibu mbio.

"Shikamoo Kinyozi."

"Marahaba. Bwana Kona." Aliinuka, akanionyesha kiti, akakishika kichwa changu kwa mikono miwili. "Huko Mirongo wanakunyoa na jembe."

"Umenyoa," nikasema. "Kaka alikuja."

"Mimi nilikwenda."

"Mkapatana?"

Akawasha mashine, akaizima. "Nilikwenda kumzika. Ni presha. Safari hii niliwahi, nilifika kabla ya wote."

Nilimtazama kwenye kioo. Alikuwa akiipangusa mashine kwa brashi, akiondoa nywele zisizokuwepo.

"Siku ya kunyoa, mkubwa aliyebaki ni mimi," akasema. "Nikakaa mbele. Mtoto wake wa kwanza akanipita, akaanza na mjomba wake, akaja kwa wakwe, akaja kwa majirani. Mimi nikawa wa mwisho. Nikamwambia, mwanangu, baba yako asingependa nirukwe. Akasema, 'Baba mdogo, wewe si ulishanyoa? Baba akiwa hajafa, wewe umeshanyoa.' Nikarudi huku, nikajinyoa mwenyewe."

Wapiga debe walikuwa wanaita Shinyanga. Nikasema, "Ni mimi niliyekata."

"Najua ni wewe."

"Unajua?"

"Niliamka mkasi ulipoanguka. Nikaona kisogo kinakimbia. Nilikuwa nimekinyoa asubuhi ile ile, nitakosaje kukijua?"

"Sasa mbona hukunitaja?"

Alinifunga kitambaa shingoni kabla ya kujibu. "Ningekutaja, kaka angekugeukia akuulize. Na wewe ungekataa. Ningeonekana nimeshindwa kumsubiri, halafu nimemsingizia mtoto wa jirani." Akawasha mashine. "Nilikuangalia nione kama utasema. Nilikupa muda."

Alininyoa vizuri, hakuharakisha, hakunikata. Alipomaliza akanipaka poda, akanikung'uta mabega, akasema nimsalimie mama.

Nilifika nyumbani mama akishona mashati ya sare. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, tangu fundo mpaka "umeshanyoa." Nilijaribu mahali fulani katikati kuweka utani, wa kabichi, kwa mazoea. Aliondoa mguu kwenye cherehani. Mwaka mzima alikuwa amewaambia majirani kwamba Kinyozi alishindwa kungoja. Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa. Nilijiandaa kwa kofi, nikainamisha kichwa kabisa kumrahisishia. Hakunigusa. Alisema hivi:

"Kesho shule huendi. Lakini vaa sare, wale watoto wa marehemu wakuone kwamba aliyefanya ni mwanafunzi. Tutapitia Nyegezi tumchukue Kinyozi, tutavuka Sengerema, na utawaambia kwa mdomo wako, yeye akiwa amekaa mbele, kwamba baba yao hakudharauliwa na mdogo wake. Na usimchekeshe mtu."